Samadi ya ng'ombe, ya kuku au mboji: nichukue ipi?

Mpangaji_Mpya: Wakuu, habari za jioni. Nina kaeneo nyuma ya nyumba, nataka kuanza bustani ya mboga. Kuna mzee anauza samadi ya ng'ombe, jirani mwenye kuku wa nyama ananipa ya kwake bure, na mke wangu anasema tutengeneze mboji wenyewe. Mwenye kirikuu anakuja kesho asubuhi. Nimpeleke wapi?

MamaChainizi: Karibu kaka. Hujasema uko wapi, udongo ni mchanga au mfinyanzi, unapanda nini, na hiyo samadi imetoka zizini lini. Bila hayo tutakupoteza.

Mfugaji_Kisarawe: Ng'ombe. Ya kuku ni kali, inaisha upesi. Ukipata ya mbuzi chukua hata kwa bei ya juu, gololi zake hazina maji mengi na kubeba ni rahisi.

NyanyaMbivu: Ya bure ndiyo iliyonitia hasara. Nilichukua viroba kumi vya kuku wa nyama, vimetoka bandani wiki hiyohiyo na maranda yake. Nikachanganya kwenye matuta manne, kesho yake nikahamishia miche ya chainizi. Siku ya tatu kingo za majani zikawa kahawia, kama zimepitiwa na pasi. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Harufu ikapanda, ukiinama macho yanawasha. Nikang'oa mche mmoja: mizizi midogo yote imekwisha, umebaki mmoja mweusi kama uzi. Katika miche 300 sikuvuna hata 40. Matuta yaleyale nikayaacha miezi miwili, nikapanda mchicha, ukanawiri mpaka majirani wakaulizia mbegu. Samadi ilikuwa nzuri, mimi niliiwahi.

Mfugaji_Kisarawe: Pole sana. Ila hapo kilichokuharibia ni maranda, yanakula naitrojeni, chakula cha mmea.

NyanyaMbivu: Hapana mkuu. Maranda yangefanya majani yawe ya njano na mmea udumae. Yangu yaliungua. Ile harufu ya kuwasha macho ni amonia, gesi kali inayotoka kwenye samadi mbichi.

Mpangaji_Mpya: Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Niko Kigamboni, mchanga mtupu, maji ya kisima yana chumvi kidogo. Matuta matano, kila moja mita 1 kwa 6. Mchicha, chainizi na bamia. Umri wa samadi sijauliza.

MamaChainizi: Sasa tunaelewana. Kwa maji yenye chumvi usikimbilie ya kuku, nayo ina chumvi zake. Na mchanga haushiki maji wala chakula, kwa hiyo mke wako ana hoja. Panga tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, mabaki ya jikoni, nyunyizia maji, rudia mpaka lunda lifike mita moja. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kikawa cha moto, linapika, na moto huo unaua mbegu za magugu. Geuza kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi litanukia udongo wenye mvua. Hapo weka ndoo mbili za lita 20 kila mita ya mraba. Kwako ni ndoo 60.

Mpangaji_Mpya: Miezi mitatu dada? Mbegu nimeshanunua.

MamaChainizi: Basi nunua ya ng'ombe iliyokaa, ukiifikicha iwe nyeusi na isinuke, uanze na matuta mawili. Lunda liendelee pembeni.

Mkazi_Gezaulole: Mchangani kwani mnainua matuta ya nini? Chimbia chini sentimita 15, maji yatulie.

Mfugaji_Kisarawe: Na masika? Mboga zitaogelea.

Mkazi_Gezaulole: Huku kwetu mvua inazama dakika hiyohiyo. Kinachonisumbua mimi ni kuku wa majirani, wanachakura mboji yote. Kuna aliyezungushia wavu? Mita inauzwaje?

NyanyaMbivu: Mimi naweka miba ya michongoma juu ya tuta mpaka miche ishike.

Mpangaji_Mpya: Mwenye kirikuu ameahirisha hadi Jumamosi. Kesho naenda kwa mzee nikaifikiche kwanza.