Mwanangu anakariri kitabu cha Kifarsi badala ya kusoma, nifanyeje?

Mama Zainabu
Asalaam aleikum. Tunaishi Qom, Iran, na binti yangu yuko darasa la kwanza. Ukimpa kitabu chake anatiririka ukurasa mzima, ila nikiandika neno lilelile pembeni kwenye karatasi anakwama. Na herufi za Kiarabu alishazijua madrasa kabla hatujahamia huku! Walimu mliomo humu, nimsaidieje?

Mwalimu Rehema
Waaleikum salaam, dada. Huyo anasoma picha na kumbukumbu. Jioni weka kitabu kando, mpe herufi chache tu. Kwa alif, ب na د peke yake unapata آب (maji), باد (upepo), بابا (baba) na داد (alitoa), na ukizipanga inatoka sentensi ambayo watoto wa Iran wameisoma kizazi kwa kizazi: بابا آب داد, baba alitoa maji.

Kabla hajatazama karatasi, alitamke neno na kulikata silabi kwa mkono, ba-ba, kisha avute sauti mojamoja. Halafu wewe badilisha herufi ya mwisho tu: باد iwe بار (mzigo), kisha باز (wazi). Hapo hakuna kubahatisha, lazima macho yafike mwisho wa neno. Zoezi hili ningelishikilia kuliko mengine yote.

Fataha, kasra na dhuma, yaani alama za irabu, usiziondoe mapema. گُل ni ua, گِل ni tope. Bila alama mtoto hana pa kushika.

Abu Yasini
Wangu naye alitoka madrasa, akawa anaisoma ث kama th ya thelathini na و kama w. Kwa Kifarsi ث ni s, na و ikiwa konsonanti ni v. Mkague hapo. Na پ چ ژ گ (p, ch, zh, g) mfundishe upya, hizo hazimo katika Kiarabu, madrasa hakuzikuta.

Mama Zainabu
Kumbe! Th ndiyo anayoisoma kila siku. Mwalimu, na hizi ز ذ ض ظ je? Imla inamliza kweli.

Mwalimu Rehema
Katika kusoma zote ni z, wala hazimsumbui. Ugumu uko kwenye kuandika, kwa hiyo imla itenge na wakati wa kusoma, na usimpe neno ambalo hajalisoma mara nyingi. Ile ذ ya غذا (chakula) itamkaa kwa kuliona neno zima tena na tena, si kwa kukariri kanuni. Akikosea akisoma, mwache amalize sentensi ndipo umrudishe. Ukimkatiza kila neno, ataanza kuutazama uso wako badala ya karatasi.