Mama wa miaka 71 ataka bastola: tumsaidie kuipata au tumnyime?

KIFUNGUAMIMBA
Wadau, naomba mawazo kabla hatujakosana nyumbani. Mama ana miaka 71, mjane, muuguzi mstaafu, anaishi Ruai, pembezoni mwa Nairobi, kwenye ploti waliyojenga na marehemu baba. Juzi watu walikuja usiku, wakakata seng'enge, wakabeba mtungi wa gesi na pampu ya kisima, halafu kwa madharau wakamgongea dirisha la chumba cha kulala wakimwambia "shosho, lala salama". Mlinzi eti hakusikia kitu. Tangu siku hiyo mama haongei habari nyingine ila bastola, na karatasi zinazotakiwa ameshaanza kuniuliza. Ndugu zangu wanasema uzee umemwingia kichwani. Mimi naona ni haki yake. Kuna yeyote aliyewahi kumpeleka mzazi kuomba leseni? Na kwa mikono ya mama wa rika hilo, inafaa bastola gani?

WAKILI WA MTAA
Ukifika kwa bodi ya leseni za silaha, hiyo hadithi ya haki iache nje ya geti. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, unaomba ruhusa, na anayeitoa lazima aridhike kwamba una sababu ya maana na hutakuwa hatari kwa wengine. Mlevi hapewi, mgonjwa wa akili hapewi, na yeyote atakayeonekana hafai kwa sababu nyingine hapewi pia. Andaeni cheti cha tabia njema kutoka DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, ripoti ya daktari ikiwemo ya afya ya akili, na uthibitisho kwamba amefunzwa kutumia silaha. Kuwa na miaka 71 si kosa. Nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ya usiku ule mnayo?

KIFUNGUAMIMBA
Tunayo. Polisi walifika saa nne asubuhi.

MSEMA KWELI DONHOLM
Saa nne? Nyinyi ni watu wakubwa. Sisi tuliambiwa tutume gari liwachukue.

MDOSI WA DALLAS
Hapa Texas ningeingia dukani na mama, tunajaza fomu 4473 ya kununua silaha, mwenye duka anawauliza FBI kama ana rekodi mbaya, tunalipa, tunarudi nyumbani kupika ugali. Leseni ya kununua hakuna. Tangu Septemba 2021 hata ya kutembea nayo hauhitaji kama umetimiza miaka 21. Nyinyi huko mnamnyanyasa mama mzima kwa makaratasi huku mwizi hajawahi kujaza fomu maishani mwake.

MAMA TATU
Mdosi, kila mjadala lazima tuambiwe Texas. Rudi basi umlinde mzazi wako huku. Na ukweli usiosemwa hapa ni mmoja: mlinzi ndiye mwizi wa kwanza. Hakusikia kitu? Alisikia, na mgao wake alipata. Anzeni na huyo kabla ya bastola.

FUNDI WA KIRIGITI
Nijibu lile swali la pili kwa sababu naona hakuna anayeligusa. Mimi hulenga shabaha Kirigiti, Kiambu, na wazee nimewaona wengi. Tatizo la mikono ya uzee halianzii kwenye kulenga. Bastola ya magazini, ziwe hizi Glock au Ceska, lazima uvute kile chuma cha juu nyuma kwa nguvu ili risasi ipande. Kuna mzee alikuja na bastola mpya kabisa, vidole vimekunjika kwa baridi yabisi. Akavuta, kikateleza. Akaipangusa jasho kwenye suruali, akavuta tena, na kila akivuta mdomo wa bastola ulikuwa unageuka taratibu kutuelekea sisi tuliokuwa pembeni. Mkufunzi aliushika mkono wake akaurudisha mbele bila kusema neno. Rivolva haina shida hiyo, unajaza risasi na kufunga, lakini kifyatuo chake ni kizito na kidole dhaifu huyumbisha mkono mzima. Kwa hiyo usimnunulie mama kitu kwa kusikia watu. Mpeleke kwanza kwa mkufunzi, ashike zote mbili zikiwa tupu, muone mikono yake inasemaje.

MSEMA KWELI DONHOLM
Mwanamke wa miaka 71 na bastola wapi na wapi. Atampiga mjukuu aliyeamka kunywa maji.

NJERI WA KAHAWA
Na mwanamume wa miaka 71 yeye anapiga wezi tu, sivyo? Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau alikaa msituni mpaka uhuru ukaja 1963 na hakuna Mzungu aliyemwambia bunduki si ya wanawake.

MSEMA KWELI DONHOLM
Aliingia msituni akiwa msichana mbichi, dadangu, si na baridi yabisi. Na hakuwa na wajukuu kwenye korido.

MTOTO WA SOJA
Mama Tatu, nimesoma maneno yako mara mbili nikaacha chai. "Mlinzi ndiye mwizi wa kwanza." Baba yangu amelinda mageti ya watu Kileleshwa na Lavington tangu sijazaliwa. Kibanda cha mabati, rungu, tochi, na koti la mvua alilopokezwa na mtu wa zamu ya mchana likiwa bado na jasho lake. Usiku mwenye nyumba akichelewa kutoka kilabuni, baba ndiye anayempandisha ngazi mpaka mlangoni na hajawahi kuchukua hata kiberiti. Mambo yakiharibika, anayelala seli ni yeye mpaka mchunguzi apate hamu ya kuandika taarifa. Omba msamaha.

MAMA TATU
Sikumtaja babako. Lakini uliza mtaa wowote wa Nairobi ulioibiwa, watakwambia ramani ilitoka ndani. Ukweli ukikuuma si kosa langu.

MTOTO WA SOJA
Ndani kuna watu wengi. Kuna fundi wa bomba, kijana wa gesi, mpwa aliyefukuzwa shule. Kwa nini kidole kinaenda getini tu? Kifunguamimba, tuambie mlinzi wa mamako mnamlipa ngapi.

KIFUNGUAMIMBA
Sioni uhusiano, lakini si siri. Elfu nane kwa mwezi, na chakula cha jioni mama anampa. Ni mzee wa jirani tu, hatoki kampuni.

NJERI WA KAHAWA
Uuuwi.

MTOTO WA SOJA
Elfu nane! Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilipita 15,000 tangu 2022, na huyo wenu anakesha. Halafu mnataka asikie seng'enge ikikatwa. Kwa elfu nane hata mimi ningekuwa kiziwi.

MSEMA KWELI DONHOLM
Si serikali ilisema walinzi walipwe 30,000? Ilikuwa 2022 hivi.

WAKILI WA MTAA
Mwanzoni mwa 2024. Ile mamlaka ya kusimamia walinzi wa kibinafsi ndiyo iliyotoa amri, makampuni yakalia, mambo yakaishia mahakamani. Lakini hayo ni ya makampuni. Kifunguamimba, huyo mzee wako naye ni mfanyakazi mbele ya sheria, hata kama mnamwita jirani. Turudi kwenye bastola, tafadhali, maana kuna jambo hamjalifikiria. Cheti ni cha mtu mmoja. Mama akilazwa hospitali, wewe huwezi kuichukua bastola ukae nayo kwako Umoja eti unamtunzia. Ukishikwa nayo ni wewe una silaha bila cheti, na jaji hatauliza ni ya mama wa nani. Cheti chenyewe kinafanywa upya kila mwaka. Na sheria inamtaka aihifadhi mahali salama muda wote, kwa mfano kasha la chuma lenye kufuli. Mtoto wa mtu akiifikia, shida ni ya mama.

MDOSI WA DALLAS
Kasha la chuma lenye kufuli! Kwa hiyo mwizi anagonga dirisha, mama avae miwani, atafute ufunguo, afungue kasha, ajaze risasi. Mwambieni mwizi asubiri sebuleni.

FUNDI WA KIRIGITI
Huko kwenu wako wanaoiweka chini ya mto, na watoto wanapigana risasi. Kuna makasha madogo ya kando ya kitanda yanayofunguka kwa alama ya kidole. Ila ngozi ya wazee wakati mwingine mashine huikataa, kwa hiyo chagueni lenye tarakimu za kubonyeza, na azoee kulifungua gizani.

NJERI WA KAHAWA
Mnasahau Westgate, magaidi walipovamia lile jengo la maduka hapa Nairobi. Raia wenye leseni ndio walioingia kuokoa watu huku wakubwa bado wanajipanga nje. 2014 pale tungekuwa tunaongea mengine bila wao.

FUNDI WA KIRIGITI
Ilikuwa Septemba 21, 2013. Na ni kweli, Abdul Haji, huyu ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia na bastola kwa sababu kaka yake alikuwa ndani. Lakini wale waliingia wengi, mchana, wakiwa watu wazima wenye nguvu zao. Huyu ni mama mmoja, saa tisa usiku, stima labda imepotea.

WAKILI WA MTAA
Na akifyatua, usiku haujaisha. Kujitetea kunakubalika kwenye Kanuni ya Adhabu, ila nguvu uliyotumia lazima iwe ya kiasi kulingana na hatari yenyewe. Mtu anayekimbia na pampu ya kisima akipigwa mgongoni, mama ataeleza nini? Pampu si uhai.

MAMA TATU
Wakili unatetea wezi sasa.

WAKILI WA MTAA
Namtetea mama asijikute Lang'ata gerezani akiwa na miaka 71. Mtakuwa mnampelekea nini, mandazi?

KIFUNGUAMIMBA
Wakili, hilo la kuhifadhi limenifungua macho. Lakini naomba msimfanye mama mtoto. Ameshona vidonda na kuzalisha nusu ya mtaa. Akili yake iko sawa kuliko ya wengi hapa.

MTOTO WA SOJA
Akili iko sawa, mfuko wenu ndio una matatizo. Mko wangapi kwenu?

KIFUNGUAMIMBA
Watano. Sote tunafanya kazi.

MTOTO WA SOJA
Watoto watano wenye kazi, na mama analindwa kwa elfu nane na mzee mwenzake. Bastola, kasha, mafunzo, safari za bodi kila mwaka, hizo pesa mmezipata wapi ghafla?

MAMA TATU
Hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na huyu kijana. Na kwa nini mama akae Ruai peke yake? Mimi wangu niko naye hapa Buru Buru, chumba kimoja anashiriki na binti yangu. Wazazi hawaachwi.

KIFUNGUAMIMBA
Mama Tatu, usinihubirie. Tumemwomba mara ngapi aje mjini? Anasema kaburi la baba liko pale, kuku wake wako pale, na kwenye nyumba yangu hata dirisha halifunguki bila kuona nguo za jirani. Hataki. Mnataka nimfunge kamba?

NJERI WA KAHAWA
Mama Tatu, na binti yako aliulizwa kama anataka kulala na shosho chumba kimoja?

MAMA TATU
Njeri, hujazaa, nyamaza.

NJERI WA KAHAWA
Umejuaje sijazaa? Umenipima?

MSEMA KWELI DONHOLM
Tumefika. Nilijua tutafika tu.

FUNDI WA KIRIGITI
Wakati mnapimana uzazi: Kifunguamimba, msisahau Desemba 2018 Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani aliamuru wote wenye silaha wakaguliwe upya, hata waliokuwa nazo kihalali miaka mingi. Wazee walipanga foleni na majaluo... samahani, majalada yao mkononi. Mama awe tayari kuitwa wakati wowote.

OTIENO MAJALADA
Fundi, hiyo kalamu iliteleza au ilikuwa inatafuta mahali pa kuteleza?

FUNDI WA KIRIGITI
Ni simu, ndugu yangu, inajikamilishia maneno. Sina ukabila, mke wangu ni wa Siaya.

OTIENO MAJALADA
Wote huwa mna mke wa Siaya.

MTOTO WA SOJA
Mama Tatu bado hajaomba msamaha.

MAMA TATU
Na sitaomba. Nilisema walinzi, sikusema babako.

KIFUNGUAMIMBA
Nimeongea na ndugu zangu leo. Dada mkubwa anakataa bastola katakata. Kaka anasema mama aende kwa daktari apimwe kwanza, mikono na macho, halafu tuone. Mama amekubali kwenda kwa daktari, lakini amesema akipita asisikie tena mtu akimletea maneno. Kuhusu mlinzi tumekubaliana tutachanga tufike 16,000 na tumtafutie mwenzake wa kupokezana. Kaka pia ametaja ua wa umeme. Kuna aliyeweka Ruai? Hiyo stima ikipotea, betri yake inakaa kwa muda gani?

MTOTO WA SOJA
16,000 kila mmoja au wote wawili?

KIFUNGUAMIMBA
Kila mmoja. Kwa nini unaniuliza kama mahakama ya kazi?

MTOTO WA SOJA
Kwa sababu hukuandika. Na viatu vya mvua je? Ruai ni tope jeusi.

MDOSI WA DALLAS
Kwa hiyo rivolva au ya magazini? Nimesoma kote sijaona mlichokubaliana.