Access inaruka faili jipya na kuingiza jingine mara mbili: je, tarehe ya faili haiaminiki?

KaraniWaMizani

Ndugu wadau, habari za kazi. Naomba ushauri kwa jambo ambalo limeanza kuathiri malipo ya watu.

Ninatunza kumbukumbu za chama cha msingi cha ushirika mkoani Kagera, ambacho hukusanya kahawa ya maganda katika vituo vya vijijini. Kila Jumatano karani wa kituo huhifadhi stakabadhi za juma zima katika faili moja la CSV (maandishi matupu yenye safu zinazotenganishwa kwa mkato) lenye jina la kituo chake na kulileta ofisini kwa flashi. Juma linalofuata huandika upya juu ya faili lile lile, kwa hiyo jina halibadiliki. Ofisini tunatumia Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, katika kompyuta moja, na fomu yetu ina kitufe ambacho husoma tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili, huilinganisha na jedwali la uingizaji, na kuvuta stakabadhi endapo faili hilo halijawahi kuingizwa.

Mfumo huu ulianza tarehe 17 Julai 2024, na majuma ya mwanzo haukuwa na kasoro yoyote. Tarehe 7 Agosti kitufe kiligoma na kusema kwamba faili limekwisha kuingizwa, ingawa lilikuwa jipya kabisa. Tarehe 14, 21 na 28 Agosti mambo yalikwenda sawa. Tarehe 4 Septemba kikagoma tena. Tarehe 11 Septemba likatokea la kinyume: mwenzangu alibonyeza kitufe mchana ili kuhakikisha kazi ya asubuhi, na stakabadhi za juma zima zikaingia mara ya pili, kiasi kwamba kila mkulima alionekana ameleta kilo maradufu. Siku nyingine zote kubonyeza mara ya pili hakuleti madhara. Huu ndio msimbo wenyewe:

```
If DCount("*", "tblUingizaji", "Kituo='" & kituo & _
   "' AND TareheFaili >= #" & FileDateTime(njia) & "#") = 0 Then
    VutaStakabadhi njia
    rs.AddNew
    rs!Kituo = kituo
    rs!TareheFaili = FileDateTime(njia)
    rs.Update
End If
```

Nimefikiria kuachana na FileDateTime na kutumia FileSystemObject pamoja na DateLastModified, kwa kudhani kwamba huenda yenyewe ni sahihi zaidi. Je, ndiyo njia? Wakulima wanalipwa kwa kilo zilizomo katika jedwali hili, kwa hiyo sipendi kubahatisha.

Fundi_Jedwali

Ndugu Karani, ahsante kwa kutaja tarehe moja moja, kwa sababu jibu limo ndani yake. FileDateTime haina kosa, na DateLastModified itakupa tarehe ile ile, kwani zote mbili husoma muhuri mmoja ambao Windows imeuweka kwenye faili. Tatizo linaanza pale unapoichukua tarehe hiyo na kuiunganisha na maneno ya kigezo kwa alama ya &.

Unapounganisha hivyo, tarehe hugeuka kuwa maandishi kwa kufuata mpangilio wa kompyuta yako, ambao bila shaka ni siku kwanza kisha mwezi. Kwa hiyo 4 Septemba inaandikwa 04/09/2024. Lakini injini ya Access, inapokuta tarehe katikati ya alama za #, huisoma kwa desturi ya Marekani, yaani mwezi kwanza, hata kama kompyuta imewekwa mpangilio wa Tanzania. Yenyewe imeelewa 9 Aprili. Ikauliza kama kuna uingizaji wowote wa kituo hicho tangu 9 Aprili, ikaona ule wa Julai na Agosti, ikakuambia kwamba faili limekwisha kuingizwa. Tarehe 7 Agosti ilisomwa kuwa 8 Julai, na matokeo yakawa yale yale.

Sasa tazama 11 Septemba. Maandishi ni 11/09/2024, na Access ikaelewa 9 Novemba. Katika jedwali lako hakuna uingizaji wa tarehe hiyo wala wa baada yake, kwa hiyo kila utakapobonyeza kitufe DCount, inayohesabu rekodi, itarudisha sifuri na stakabadhi zitaingia tena. Ukibonyeza mara kumi, zitaingia mara kumi.

Na kwa nini 14, 21 na 28 zilienda salama? Kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na nne. Access inapoona namba ya kwanza imezidi 12, hugeuza mpangilio yenyewe na kuisoma kama siku, bila kutoa onyo lolote. Upole huu wa Access ndio unaoficha kasoro kwa muda mrefu: mtu anajaribu msimbo wake tarehe 20, anauona unafanya kazi, anaukabidhi, kisha siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi mfumo unajibu visivyo. Siku ambayo namba ya siku ni ndogo kuliko namba ya mwezi faili litarukwa, na siku ambayo namba ya siku ni kubwa faili litaweza kurudiwa. Zikilingana, kama 9 Septemba, huoni lolote.

Dawa ya haraka ni kuitamkia Access tarehe kwa mpangilio usio na utata, mwaka ukitangulia:

```
"' AND TareheFaili >= " & _
Format(FileDateTime(njia), "\#yyyy\-mm\-dd hh\:nn\:ss\#")
```

Dakika ni nn. Alama za \ zipo ili kistari na nukta pacha zibaki kama zilivyo, badala ya kubadilishwa kwa mujibu wa mpangilio wa kompyuta. Kabla ya kubonyeza kitufe, chapisha kigezo kizima kwa Debug.Print na ukisome kwa macho katika dirisha la Immediate. Tarehe unazoandika kwa rs!TareheFaili ziko salama, kwa sababu hapo hakuna maandishi yanayopita katikati. Thamani ya tarehe inaingia moja kwa moja.

KaraniWaMizani

Nimechapisha kigezo nikitumia faili la 4 Septemba, ambalo nakala yake ninayo, na kweli kimetoka #04/09/2024 16:42:10#. Nilipoweka Format, kikatoka #2024-09-04 16:42:10# na DCount haikuhesabu tena uingizaji wa Julai na Agosti. Nashukuru sana, Fundi. Je, naweza sasa kuuacha msimbo huu ulivyo?

MtunzaKumbukumbu

Ndugu Karani, maelezo ya Fundi ni sahihi, lakini mimi nisingeuacha hivyo. Alama >= ina dhana kwamba faili jipya daima lina tarehe kubwa kuliko lililotangulia, na dhana hiyo inategemea saa ya kompyuta ya kituoni ambayo wewe huisimamii. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, kompyuta ikizimwa na kuwashwa hurudi mwaka wa nyuma, hasa mahali ambako hakuna intaneti ya kuirekebisha saa. Karani atahifadhi stakabadhi za leo, na faili litabeba tarehe ya miaka kadhaa iliyopita. Kwa >= litaonekana la zamani na litarukwa.

Swali la kuuliza ni kama tarehe ya faili ni tofauti na ile uliyoiandika mara ya mwisho kwa kituo hicho, iwe imesogea mbele au imerudi nyuma. Weka tarehe hiyo katika jedwali la vituo, rekodi moja kwa kila kituo, kisha fanya hivi:

```
tFaili = FileDateTime(njia)
tMwisho = DLookup("TareheFaili", "tblVituo", "Kituo='" & kituo & "'")
If IsNull(tMwisho) Then
    niJipya = True
Else
    niJipya = Abs(DateDiff("s", tMwisho, tFaili)) > 2
End If
```

Faida ya kwanza ni kwamba hakuna tarehe inayogeuzwa kuwa maandishi, kwa hiyo kasoro aliyoieleza Fundi haina pa kuingilia. Ya pili ni kwamba tofauti inapimwa kwa sekunde nzima. Ndani ya Access tarehe ni namba ya desimali inayohesabu siku tangu 30 Desemba 1899, na saa ni sehemu ya siku, kwa hiyo thamani mbili zinazoonekana sawa kwenye skrini zinaweza kutofautiana katika desimali za mwisho na kukataa kulingana. Ile nafasi ya sekunde 2 nimeiacha kwa ajili ya flashi: nyingi zimepangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, ambao huandika muda wa kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili mbili, ilhali diski ya kompyuta yenye mfumo wa NTFS huandika kwa usahihi mkubwa zaidi. Faili likitoka kwenye diski kwenda kwenye flashi, sekunde zake zinaweza kusogezwa.

Usishawishike kutumia tarehe ya kuundwa kwa faili badala ya tarehe ya kubadilishwa. Unaponakili faili kutoka kwenye flashi, Windows huibakiza tarehe ya kubadilishwa lakini huipa nakala tarehe mpya ya kuundwa, na ndiyo maana mara nyingi utakuta faili ambalo limeundwa baada ya kubadilishwa.

Jambo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili: tarehe inakuambia kwamba faili limeguswa, haikuambii kwamba yaliyomo ni mapya. Karani akilifungua kwa Excel, asibadilishe hata tarakimu moja, kisha akahifadhi, tarehe imebadilika. (Excel pia huziondoa sifuri za mwanzo katika namba za stakabadhi, kwa hiyo wakatazeni kufungua faili hilo kwa Excel.) Kinga dhidi ya kilo maradufu haipaswi kukaa kwenye tarehe. Iweke katika jedwali lenyewe: tengeneza faharasa (index) isiyoruhusu marudio juu ya Kituo na NambaYaStakabadhi kwa pamoja. Vuta faili kwanza katika jedwali la muda, kisha hoja ya kuongeza (append query) ichukue zile stakabadhi tu ambazo hazimo katika jedwali kuu. Hapo mwenzako anaweza kubonyeza kitufe mchana kutwa na mkulima asiongezewe hata kilo moja.

Msimamizi_wa_Seva

Naongezea machache kwa uzoefu wa ofisi yenye tawi Bujumbura. NTFS huhifadhi muda kwa saa ya dunia na Windows huugeuza kuwa saa ya mahali ulipo, ilhali FAT32 huandika saa ya mahali bila kusema ni ya wapi. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Faili lililohifadhiwa Bujumbura saa kumi jioni, likija kwa flashi ya FAT32, litasomeka Tanzania kuwa la saa kumi. Likija kwa flashi ya NTFS litasomeka la saa kumi na moja. Vituo vyenu vyote vipo Kagera, kwa hiyo hili haliwagusi leo, ila chagueni mahali pamoja pa kusomea tarehe, ama kwenye flashi ama kwenye folda ya ofisini, na msibadilishe katikati ya msimu. Faili likitumwa kwa barua pepe, mara nyingi hupewa tarehe ya siku lilipohifadhiwa na mpokeaji, na hapo tarehe ya kituo imepotea.

Kabla ya FileDateTime hakikisheni faili lipo, kwa sababu likikosekana msimbo husimama kwa kosa namba 53. Na kama mtafikiria kutumia tarehe hiyo kuamua lini mnakili faili la Access lenyewe kwa akiba, msiitegemee: mara nyingi Access hubadilisha tarehe ya faili lake kwa kufunguliwa tu, hata kama hakuna rekodi iliyoongezwa. Nakilini kila siku baada ya kazi, mkiwa mmekwisha kufunga programu na faili la .laccdb, ambalo huwepo wakati Access imefunguliwa, limetoweka.

KaraniWaMizani

Nawashukuru wote. Nimetengeneza jedwali la muda, ila Access inakataa kuunda faharasa kwa sababu ya marudio ya 11 Septemba ambayo bado yamo. Je, nifute kwa mkono? Na majuma mawili yaliyorukwa, 7 Agosti na 4 Septemba, nitayarudishaje? La 4 Septemba ninalo, lakini la 7 Agosti karani ameshaandika juu yake.

MtunzaKumbukumbu

Usifute kwa mkono, na usifute lolote kabla ya kunakili faili zima la Access na kuliweka kando. Tumia kiongozi cha Access cha hoja ya kutafuta marudio (Find Duplicates Query Wizard), chagua Kituo na NambaYaStakabadhi, kisha orodhesha pia mkulima na kilo. Pale ambapo kila kitu kinafanana, bakiza rekodi yenye namba ndogo zaidi ya kujiongeza (AutoNumber) na uondoe nyingine. Pale ambapo namba ya stakabadhi ni moja lakini kilo zinatofautiana, usiruhusu hoja iamue. Hiyo huenda ni stakabadhi iliyosahihishwa, na ni lazima mtu aitazame karatasi. Marudio yakiisha, faharasa itaundwa.

Faili la 4 Septemba livute kwa utaratibu mpya. Kwa lile la 7 Agosti, muulize karani kwanza kama anacho kitabu cha vishina vya stakabadhi, kwa sababu humo mna namba, jina na kilo za kila mkulima. Ziingizwe kwa fomu, zisomwe na watu wawili, na jumla yake ilinganishwe na kilo zilizopokelewa ghalani juma hilo kabla ya orodha ya malipo kuchapishwa. Kuanzia sasa, mwambie karani aweke tarehe ndani ya jina la faili, kwa mfano kituo_2024-10-02.csv, ili juma moja lisifute jingine.

KaraniWaMizani

Vishina vipo, karani amethibitisha kwa simu na atavileta Jumatano pamoja na flashi. Orodha ya malipo nimeomba isubiri hadi juma la 7 Agosti liingie na kilo zilingane na za ghalani.