Python: math.py iko wapi kwenye msimbo chanzo?

chatu_mdogo: Wakuu, nimeshusha msimbo chanzo wa CPython (Python ya kawaida, iliyoandikwa kwa C) kutoka GitHub. Kwenye folda ya Lib nimeikuta json, nimeikuta random, zinasomeka vizuri tu. Ila math.py siioni kabisa. Na fanksheni ya len je? Nilijua maktaba sanifu yote inakaa sehemu moja.

mzee_wa_C: Lib ni ya moduli zilizoandikwa kwa Python yenyewe, mkuu. Za C ziko folda ya Modules, na math utaikuta humo kama mathmodule.c. Len wala huhitaji kuiingiza kwa import. Imejengwa ndani ya lugha. Fungua Python/bltinmodule.c, tafuta builtin_len. Ni fupi, kazi yenyewe inaipeleka kwa PyObject_Size. List na dict zina folda yao, Objects. Ukifika huko usitoke bila kusoma listsort.txt. Tim Peters, aliyebuni upangaji huo, kaeleza kwa maneno ya kawaida jinsi list inavyopangwa na kwa nini akachagua njia hiyo. Kwangu mimi hilo faili lina faida kuliko kozi nyingi za kulipia.

chatu_mdogo: Asante mkuu. Sasa moduli ya heapq naiona Lib, halafu kuna _heapqmodule.c kule Modules. Inayofanya kazi ni ipi?

mzee_wa_C: Shuka mwisho mwisho wa heapq.py. Kuna try yenye `from _heapq import *`. Ya C ikipatikana, inafunika fanksheni za Python zilizoandikwa juu yake. Isipopatikana, za Python zinaendelea na kazi. PEP 399 ya 2011 (PEP ni hati rasmi za mapendekezo ya Python) ndiyo iliyoweka sharti kwamba moduli mpya ya C iwe na mwenzake wa Python, ili PyPy na watengenezaji wengine wa Python zisizo CPython wasilazimike kuandika kila kitu upya. Math ni ya zamani kuliko sharti hilo, ndiyo maana iko peke yake. Ukitaka kuona kama pacha wanalingana, soma Lib/test/test_heapq.py: majaribio yaleyale yanapita kwa zote mbili.

napita_tu: Angalizo. Datetime tangu Python 3.12 itakuchanganya: datetime.py imebaki mistari michache, msimbo umehamia _pydatetime.py. Na sys usiitafute Modules, iko Python/sysmodule.c. Mimi sikisii folda, napiga grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili).