Naomba ushauri: nawabadilishaje wahudumu mazoea?
Habari wakuu. Nasimamia zamu katika kituo cha vijana wenye ulemavu, Morogoro. Wahudumu wangu wana moyo, ila wamezoea kumfanyia mtu kila kitu. Juzi kijana mwenye mtindio wa ubongo alikuwa anakula wali mwenyewe, taratibu, kijiko kinatetemeka. Dada mmoja akamnyang'anya: "Tutachelewa kuosha vyombo." Kijana akainamisha kichwa, hakula tena. Iliniuma sana.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataja utu na uhuru wa mtu kujiamulia. Nimewasomea, wakaitikia, kesho yake yaleyale. Nikikaripia wananuna. Sasa nakaa nao mezani niwaonyeshe, lakini zamu ya usiku inaturudisha nyuma.

Mliowahi kusimamia watu, mlianzia wapi? Na mkuu wa kituo anayepima kazi kwa usafi tu, nimwingie vipi?