Gemu sehemu isiyo na intaneti: leseni ipi itafunguka na ipi itagoma?

Kambi_Porini:
Wakuu, habari za jioni. Laptop yangu (Windows 11, SSD ya GB 512) itakaa kambini miezi 3, mahali ambapo mtandao wa simu haushiki kabisa. Ina gemu kadhaa za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Mbili ukurasa wa duka unasema zina Denuvo (ulinzi wa kuzuia gemu kunakiliwa), moja ni ya kampuni ya Ubisoft lakini nimeinunua humohumo Steam. Pia nina DVD za zamani, za 2005 hadi 2008.

Nisichoelewa: gemu ikishashushwa yote, GB 60 ziko kwenye diski, kwa nini bado iombe intaneti? Na ule mkataba tunaoukubali bila kuusoma, ni vipengele gani vinavyonihusu? Naomba hatua kamili, maana nikishaondoka sina pa kurekebishia.

NyayaTano:
Mkuu, kushusha mafaili ni jambo moja, kupewa ruhusa ya kuyafungua ni jambo lingine. Mafaili yako kwenye diski yako. Ruhusa iko kwenye akaunti, na mwenye kuitoa ni seva. Steam huhifadhi nakala ya ruhusa hiyo kwenye kompyuta, ndiyo maana kucheza bila mtandao kunawezekana, ila maandalizi yote yafanyike ukiwa bado na bando.

Ingia Steam ukiwa na intaneti na uhakikishe umeweka alama ya "Remember me" pale pa kuingilia. Ukiisahau, siku ya kwanza kambini utaombwa nywila na hakuna seva ya kuipokea. Acha masasisho yote yaishe, ya Steam yenyewe na ya kila gemu, kwa sababu gemu yenye sasisho lililokatika katikati haifunguki. Kisha fungua kila gemu, moja baada ya nyingine, na uingie mpaka mchezoni. Kuishia kwenye menyu hakutoshi. Mara ya kwanza kufunguliwa ndipo vinaposakinishwa vitu kama DirectX na Visual C++, na ndipo gemu yenye ulinzi wa ziada inapochukua kibali chake. Ukimaliza zote, bonyeza neno Steam juu kushoto, chagua "Go Offline".

Sasa jaribio lenyewe, ambalo wengi hawalifanyi: zima Wi-Fi, zima kompyuta kabisa, iwashe, fungua gemu zote upya. Rudia kesho yake. Itakayogoma, igomee hapo nyumbani ambapo dawa yake ni dakika chache za intaneti.

Tahadhari moja kubwa. Ukipita mjini katikati ya miezi hiyo, usiirudishe Steam mtandaoni kwa hotspot ya simu. Ikishaona kuna toleo jipya itadai sasisho, na la GB 20 hulimalizi kwa bando la siku. Nenda kwenye mipangilio ya kila gemu, upande wa masasisho, uchague gemu isasishwe pale tu unapoifungua. Hotspot nayo iwekee Windows alama kwamba ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, isije ikashusha masasisho yake yenyewe.

Kichakataji:
Naongezea kwenye Denuvo, kwa kuwa hapo hatua za NyayaTano ni sahihi lakini hazimalizi kazi.

Denuvo haikagui DVD wala haihitaji mtandao kila dakika. Mara ya kwanza gemu inasoma alama za kompyuta yako, hasa kichakataji na mfumo wa uendeshaji, inazituma kwenye seva, na inarudishiwa kibali kilichofungwa kwa alama hizo. Kibali kikiwepo na alama zikilingana, gemu inafunguka bila intaneti. Alama zikibadilika, kibali hakifai tena. Vinavyozibadilisha ni kubadili kichakataji, kusakinisha Windows upya, sasisho kubwa la Windows, na wakati mwingine sasisho la gemu lenyewe, maana toleo jipya linaweza kudai kibali kipya.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: maliza kwanza masasisho ya Windows, BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na draivu za picha, uwashe upya, halafu ndipo ufungue gemu zenye Denuvo. Ukifanya kinyume, kibali ulichokichukua asubuhi kinaweza kufa jioni.

Kuna na kikomo. Kurasa nyingi za Steam zenye Denuvo zimeandika kompyuta 5 tofauti ndani ya saa 24. Hiyo si idadi ya maisha, siku ikipita unaruhusiwa tena. Wanaotumia Linux ndio hunaswa zaidi, kwa sababu kila toleo la Proton (programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux) wanalojaribu linaweza kuhesabiwa kama kompyuta mpya. Wakijaribu matoleo kadhaa mchana mmoja, wanafungiwa hadi kesho. Kama laptop yako ina kichakataji cha Intel kizazi cha 12 na gemu ni ya kabla ya Novemba 2021, hakikisha ina masasisho ya mwisho. Baadhi ya ulinzi wa wakati ule uliona viini vidogo vya kichakataji kama kompyuta nyingine na kuifunga gemu.

Ya Ubisoft ina milango miwili. Steam inaifungua Ubisoft Connect, programu ya Ubisoft yenyewe, nayo ndiyo inayofungua gemu. Ingia kwenye zote mbili, fungua gemu ukiwa na mtandao, kisha weka zote mbili katika hali ya nje ya mtandao. Ukiiandaa Steam peke yake, utakwama kwenye dirisha la pili.

Na zipo ambazo hakuna maandalizi yatakayosaidia. Diablo IV inadai mtandao muda wote hata ukicheza peke yako. Futa, uokoe nafasi.

Kifungu_kwa_Kifungu:
Nijibu la mkataba, maana linapuuzwa sana na ndiko haki zetu zinakopotelea.

Tafuta vipengele vinne. Cha leseni: mkataba wa Steam unasema wazi kwamba maudhui yanatolewa kwa leseni, hayauzwi. Cha kuhamisha: huruhusiwi kuuza wala kumpa mtu akaunti. Cha kusitisha: lini na kwa sababu zipi kampuni inaweza kukukatia, na utabaki na nini. Cha huduma za mtandaoni: taarifa ya muda gani itatolewa kabla seva hazijazimwa. Hiki cha nne kwangu ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kinachoandikwa kwa ulegevu zaidi.

Mfano wake ni The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya 2014. Iliondolewa dukani Desemba 2023, seva zikazimwa 31 Machi 2024, na kwa kuwa hata safari ya mchezaji mmoja ilipitia seva, diski iliyonunuliwa dukani ikawa haina kazi. Baada ya hapo wachezaji walikuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Watu walilipa bei kamili. Kuliita hilo huduma iliyofika mwisho si haki, na kampeni ya Stop Killing Games iliyoanza 2024 ilipata nguvu kwa sababu hiyo. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 mwaka 2025. Hawadai seva ziwashwe milele. Wanadai gemu iachwe katika hali inayochezeka pale msaada unapokoma.

California nako kuna sheria, AB 2426, inayotumika tangu 1 Januari 2025. Duka la kidijitali likitumia neno la kununua, lazima limweleze mteja kwamba anapewa leseni, isipokuwa kama anapata nakala anayoweza kuishusha moja kwa moja na kuitumia bila mtandao. Steam iliweka tangazo la namna hiyo kwenye malipo tangu Oktoba 2024.

Kwa safari yako, gemu unazozipenda zaidi zitazame GOG, duka jingine la gemu la mtandaoni. Kisheria nako ni leseni, lakini kiutendaji tofauti ni kubwa: unashusha faili la kusakinishia na halimuulizi mtu yeyote. Gemu kubwa huja kama faili moja la .exe na vipande kadhaa vya .bin. Viweke vyote folda moja; kikikosekana kimoja usakinishaji unakatika njiani. Diski ya nje iwe na mfumo wa faili wa exFAT, kwa kuwa ule wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4.

Kambi_Porini:
Nashukuru sana wakuu, nimeandika yote. Mawili yamebaki: zile DVD, na kuna mtu anauza akaunti ya Steam yenye gemu nyingi kwa bei ya chini, anasema unaingia mara moja, unaweka nje ya mtandao, basi. Inafaa?

NyayaTano:
DVD za miaka hiyo nyingi zimefungwa kwa SafeDisc au SecuROM, ulinzi wa zamani wa kuzuia diski kunakiliwa. SafeDisc ilitegemea draivu iitwayo secdrv.sys. Windows 10 ilitoka bila hiyo, na Septemba 2015 Microsoft iliizima hata kwenye Vista, 7, 8 na 8.1 kwa sasisho KB3086255, kwa sababu za usalama. Windows 11 haiitambui. Usitafute secdrv.sys mitandaoni ukairudisha: draivu inafanya kazi ndani kabisa ya mfumo, na mlango huo ndio uliofungwa kwa makusudi. Angalia kama mchapishaji alitoa sasisho la mwisho lililoondoa ulinzi, la sivyo nunua toleo la GOG. BioShock na Spore zote zipo huko. DVD ya Spore ya 2008 ilikuja na kikomo cha kuamilisha mara 3, baadaye kikapandishwa hadi 5, na kuamilisha kwenyewe kunahitaji seva.

Akaunti ya kuuziwa usiiguse. Mwenye akaunti ya awali anaweza kuirudisha kwa ushahidi wa malipo ya kwanza, na ikiuzwa kwa watu kumi, zile nafasi 5 za Denuvo kwa siku zinaisha kabla zamu yako haijafika. Kama kuna ndugu wa nyumba moja mwenye gemu, tumieni Steam Families: watu hadi 6, kila mmoja na akaunti yake, na kucheza nje ya mtandao kunaruhusiwa. Nakala moja inachezwa na mtu mmoja kwa wakati, na mtu mzima akitoka kwenye familia hawezi kujiunga na nyingine mpaka mwaka mmoja upite tangu alipojiunga na ile ya kwanza.

Kichakataji:
Jambo dogo kwenye GB 512. Gemu ambazo tayari ziko kwenye kompyuta ya ndugu usizishushe upya. Nakili folda yake kutoka steamapps/common pamoja na faili la appmanifest lenye namba ya gemu hiyo, viweke mahali palepale kwako, washa Steam, iache ikague. Itashusha kinachopungua tu. Leseni hainakiliki kwa njia hiyo, lazima gemu iwe kwenye akaunti yako au ya familia. Acha GB 60 hivi wazi kwenye SSD: Steam huhitaji nafasi ya ziada inapopachika sasisho, na ikikosa inasimama katikati.