Ushauri: rimu na matairi ya autocross kwa Tesla Model 3 Performance

KijanaWaPangani:
Wakuu, habari za muda huu. Nipo Houston, gari langu ni Tesla Model 3 Performance ya 2022. Tangu mwaka jana nashiriki autocross ya SCCA, klabu ya michezo ya magari ya Marekani. Koni zinapangwa kwenye uwanja wa kuegesha magari, mnapita kwa zamu, saa inahesabu, ukigonga koni unaongezewa sekunde 2. Naupenda mchezo huu kupita maelezo.

Shida ni uzito. Gari lina kilo 1,840 na ushee, na matairi ya kiwandani, 235/35R20, yanaliwa bega la nje mpaka nasikia uchungu. Kona ikibana nyuma inachomoka, si mnajua gari linalosukuma kwa nyuma. Nataka nishuke kwenye rimu za inchi 18 zenye upana wa 9.5, nivalishe 265/40R18 (265 ni upana wa tairi kwa milimita, 18 ni inchi za rimu). Swali langu: nichukue Bridgestone RE-71RS au Yokohama A052? Mashindano ni Jumapili ijayo na usingizi sipati.

MzeeWaGongoLaMboto:
Mdogo wangu, hela ya tairi moja la hivyo ungeezeka nyumba ya mama Pangani. Noah yangu imevaa mtumba wa Japani miguu yote minne na Morogoro nafika.

Nakuru_Vumbi:
Autocross ya huku kwetu Kenya ni mchanga na mawe, lami huoni. Safari Rally iliporudi WRC, yaani rali za ubingwa wa dunia, 2021 nilikuwa Naivasha, fesh fesh, lile vumbi laini kama unga, imemeza magari mpaka milangoni. Hapo ndipo niliamini tairi nyembamba ndiyo hukata. Weka nyembamba, ndugu.

FundiTairiDallas:
Nyembamba ni ya mchanga, Nakuru. Kwenye lami kavu gari zito linataka upana.

Mleta uzi, kabla ya tairi nijibu mawili. Rimu hizo, kwa upande wa ndani, zimegongwa muhuri wa kubeba kilo ngapi kila moja? Na katikati ya wiki gari linaendeshwa na nani?

KijanaWaPangani:
Rimu ni nyepesi sana, mkuu, na bei ni ya kirafiki. Zinaingia bila spesa, yaani vipande vya kujazia nafasi: matundu 5x114.3, tundu la kati 64.1. Nisaidie kwenye tairi tu.

FundiTairiDallas:
5x114.3 na 64.1 ni vipimo vya Honda pia. Kilo ngapi?

KijanaWaPangani:
540. Zimetoka kwenye Civic ya jamaa ninayeshindana naye, nimeshampa malipo ya awali. Lakini piga hesabu: 1,840 ukigawa kwa 4 ni 460. Zimebaki kilo 80 kila kona ya gari. Na jamaa amezipiga misimu mingi hazijapata hata ufa.

MamaWawili_Columbus:
Swali la pili umeliruka.

KijanaWaPangani:
Mke wangu hulitumia Jumatatu hadi Ijumaa, anapeleka watoto shule kupitia barabara kuu ya I-45. Lakini nitakuwa nabadilisha rimu Jumapili jioni.

MamaWawili_Columbus:
Kila Jumapili jioni, umechoka, jua la Houston limekukausha? Kaka yangu, mwambie mkeo leo. Na soma mkataba wa bima. Nyingi hazilipi gari likiumia kwenye tukio la kuhesabiwa muda.

FundiTairiDallas:
460 ni gari tupu limesimama. Wewe hujakaa, watoto hawajapanda. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko: kuna uzito wa juu wa ekseli ya mbele na wa ya nyuma. Kila mmoja gawa kwa 2. Rimu isiwe chini ya hapo, na nakuhakikishia 540 haifiki kwa nyuma. Civic ya jamaa ni nyepesi kuliko gari lako kwa karibu nusu tani, ndiyo maana hazijapasuka. Ukikata kona kwa nguvu, gurudumu la nje mbele linabeba kilo zinazopita 700. Betri ipo chini, gari halilali sana, lakini mzigo bado ni mkubwa.

ChaiDetekta:
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Model 3 Performance ina mota mbili, inavuta mbele na nyuma. Huyu kaandika "gari linalosukuma kwa nyuma". Akaunti mpya, picha hakuna, ghafla rimu za bei ya kirafiki. Huyu ni dalali.

MzeeWaGongoLaMboto:
Aah! Na mimi nilishamhurumia.

Nakuru_Vumbi:
Picha ya kibandiko au tufunge uzi.

KijanaWaPangani:
Sina cha kuuza. Mota ni mbili, ndiyo. Kwenye Track Mode, mpangilio wa gari kwa ajili ya mashindano, kuna mizani ya kupeleka nguvu mbele au nyuma, mimi nimeisogeza yote nyuma. Ndiyo maana nikaandika vile. Picha ya kibandiko naweka nikifika nyumbani.

FundiTairiDallas:
Anachosema kipo, mizani hiyo inafika asilimia 100 nyuma. Dalali wa rimu asingeijua. Basi irudishe katikati kwanza, uchomokaji utapungua bila kulipa senti.

Sasa tairi. Zote mbili ni tredwea 200, ile namba ya ubavuni inayoonyesha tairi linavyostahimili kulika, zinaruhusiwa. A052 inashika tangu raundi ya kwanza, ila chini ya gari zito inachemka upesi, utawaona wenzako wanazimwagia maji kati ya raundi. Kwa joto lenu chukua RE-71RS. Bega la nje halitapona kwa tairi pekee, maana magurudumu ya mbele yamesimama wima na kiwanda hakikuacha pa kuyainamisha. Utahitaji mikono ya juu ya saspensheni inayorekebishika.

Na kama upo daraja la Street, la magari yasiyobadilishwa sana, upana wa rimu lazima ubaki wa kiwandani, yaani 9, na kipenyo kisizidi wala kupungua zaidi ya inchi 1. Kwa hiyo 18 kwa 9.5 inakutoa darajani. Tafuta 19 kwa 9 zenye kilo 690 na kuendelea, valisha 265/35R19.

KijanaWaPangani:
Lakini 18 ni nyepesi, na tairi zake ni bei nafuu. Wengi huku wanazitumia.

FundiTairiDallas:
Wanatumia 18 zilizotengenezwa kubeba gari hilo. Sijakukataza inchi, nimekukataza 540.

KijanaWaPangani:
Jumapili naingia na 20 zangu, mizani katikati. Malipo ya awali nitaongea na jamaa, ingawa bado sijaridhika kuziachia.

Muha_wa_Minneapolis:
Civic Si yangu inavaa 5x114.3. Ukiridhika kuziachia, nitumie bei PM.

ChaiDetekta:
Dalali kapata mteja.